Ukurasa wa Kumi na Moja

Kitabu kilikuwa kimoja, watoto sabini na wawili.
Jalada lilishaliwa na mchwa wa stoo,
kwa hiyo hadithi haikuwa na jina,
tuliita tu kitabu cha Nungunungu.
Nilikiinua juu ya kichwa, nikazunguka nacho
kati ya madawati, kama mtu anayetembeza samaki mmoja
soko zima la Newala.

Wanyama wanacheza, Nungunungu hachezi.
"Miiba yako," anasema Sungura.
"Miiba yako," anasema Digidigi.
Analia kurasa tatu, kwa rangi ya bluu.
Kisha, ukurasa wa kumi na moja, mvua. Mto unafura,
na ni miiba ile ile inayoshona majani yakawa mtumbwi.
Ukurasa wa kumi na mbili wote wanamkumbatia.

"Wanamkumbatiaje?" akauliza Mchopa,
darasa likaangua kicheko,
nami nikacheka, nikidhani somo limekwisha.

Hapo Tatu Likongwe akanyoosha kidole.

Neno la Tatu hupanda kama maji ya hapa kwetu,
kutoka bondeni, kichwani, hatua kwa hatua,
na njiani humwagika.
Wote tumezoea kumpokea ndoo kabla hajafika.
Tunammalizia sentensi, tunajiona wema.
Somoe peke yake hammalizii.
Humwangalia tu, anatafuna ming'oko yake, anangoja.

"Ka— ka— kama mvua
isi— isinge—"

Nikafungua mdomo.
Somoe akanitupia jicho, jicho la miaka minane.
Nikaufunga.

"—isingenyesha?"

Nje ukungu wa Julai ulikuwa bado umelalia mikorosho.
Mwalimu mimi, mwaka wa kumi na tisa kazini,
nikasema tutaendelea kesho.

Usiku nikawa naliona ghala la ushirika, mwezi wa Oktoba:
korosho zinamwagwa, zinakatwa, zinapimwa unyevu,
hii daraja la kwanza, hii la pili,
hii mama, rudi nayo nyumbani.
Ndivyo tulivyomfanyia.
Tulimpokea Nungunungu kwa stakabadhi.
Na kama mto ungekaa kitandani mwake
angekuwa analia mpaka leo, kwa bluu,
na sisi tungefunua ukurasa.

Asubuhi nikabandua gundi kwenye mkorosho wa nyuma ya choo,
nikailoweka kwenye kifuniko cha chupa,
nikabandika karatasi nyeupe juu ya mafuriko.
Mimi si mchoraji. Nungunungu wangu alifanana na brashi ya viatu.
Lakini mvua hakuna.
Wanacheza kombolela, naye yumo.
Amejificha vibaya, miiba imechomoza juu ya nyasi,
anakamatwa wa kwanza.
Zamu yake kuhesabu.

Nikataka kuongeza chini:
*Alihesabu polepole, wenzake wakapata muda mzuri wa kujificha.*
Niliipenda sentensi ile. Nikaisoma kwa sauti.
Kisha nikasikia mizani ya ghalani ikigonga.
Ushuru tena! Nikafuta, nikafuta,
mpaka karatasi ikatoboka,
na kijitundu cha mafuriko ya zamani kikachungulia.
Nimekiacha. Watoto hukitia kidole.

Leo saa nne niko mlangoni.
Tatu ameegemeza uso ukutani, viganja machoni.

Moja.
Mbili.
Ta—

jina lake mwenyewe, limemkwama.

Ta— ta—

Nyuma ya tanki la maji Mchopa anachungulia, anarudi.
Somoe kajificha ovyo kabisa, namwona mguu mzima.
Hakuna anayemsaidia kuhesabu.
Kengele ninayo mkononi,
mapumziko yamepita kwa dakika mbili,
mwalimu mkuu anakohoa ofisini.

Ta—

Sipigi.